Mgeni Aliyeachiwa Sebule Talatala

Meza yangu nimeikabidhi kwa vijana wawili, pamoja na bisibisi zangu, brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, na kiti kinachohitaji kipande cha boksi chini ya mguu mmoja ili kisiyumbe. Vijana hawa wamesoma, wana vyeti ukutani, na wananipenda kiasi cha kuniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi ya kulinda kompyuta za nyumbani hapa Kyela. Nadhani walitaka maagizo mafupi ya kubandika juu ya meza. Watavumilia. Habari za mshahara sitazigusa kwa sababu hazijazi mstari mmoja, na za kupanda cheo hazipo, maana nilianza nikiitwa fundi na nimeondoka nikiitwa fundi.

Aliyenifundisha ni Mzee Hamdani, mwenye duka karibu na soko la mjini. Asili yake ni Pangani. Babu yake alikuja huku kufuata biashara ya mchele, akaonja samaki wa ziwani, habari ya kurudi ikaishia hapo. Mzee Hamdani alikuwa fundi redio, na kompyuta zilipoanza kuingia majumbani akazipokea kwa moyo mmoja, akisema nazo ni redio tu, ila zina kiburi. Mimi nilikwenda kwake kuomba kazi ya kuchapa barua. Akaniuliza kama naogopa umeme. Nikajibu kwa kujidai kwamba siogopi hata kidogo.

"Basi hunifai," akasema. "Nenda nyumbani, urudi kesho ukiwa unauogopa kidogo."

Nikarudi kesho yake, nikasema nauogopa. Akanipa kompyuta iliyotoka nyumba moja kando ya ziwa, akaniambia niifungue. Ndani sikuona waya hata mmoja. Ilikuwa imejaa kungu, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Feni ilikuwa imewavuta na kuwashindilia mpaka ikakwama. Wenzetu wa ufukweni huwakusanya, wakawafinyanga kama mikate, wakala kitoweo kizuri. Mimi nilikomba ndoo nusu kwa ile brashi, na tangu siku hiyo kitoweo hicho nakipisha kwa heshima zote.

Jambo alilonisisitizia Mzee Hamdani halikuhusu brashi. Kila alipoitwa kwenye nyumba ya mtu, hakugusa kompyuta kabla hajaomba chai. Akinywa, anauliza maswali ya kimbea kabisa. Nani anakaa kwenye kiti hiki asubuhi? Akitoka yeye anaingia nani? Wageni wakija wanalala wapi? Mimi nilidhani ni tamaa ya chai, na kwa kweli alikuwa nayo, hasa ikiwa na tangawizi. Lakini siku moja njiani aliniambia kwamba kompyuta ya ofisini ina mkubwa wake, ya nyumbani haina, na mwizi wa mtandaoni hupenda sana kitu ambacho kila mtu anadhani kinaangaliwa na mwenzake. Maneno hayo niliyasikia kwa sikio moja. Nilikuja kuyaelewa vizuri baada ya miaka mingi, Talatala.

Kabla ya hapo niliona mengi ya kuchekesha. Zilikuja zama za flashi. Mtu anakwenda kuprinti wimbo wa kwaya, anarudi na virusi, Jumapili inayofuata kwaya nzima ina virusi kwenye kompyuta zao na wanaimba vilevile. Kule Njisi nilimkuta mkulima mmoja aliyeweka antivirasi za kila aina kwenye kompyuta moja, kila aliyepita akimwachia yake. Zilikuwa zinashikana mashati zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikimwona mwenzake ndiye mwizi, na mkulima amekaa mbele anazitazama kama anaangalia mpira. Mama mmoja wa mjini aliifunika yake kwa kitambaa cha kufuma, kilichopigwa pasi, akaniapia kwamba kirusi hakiwezi kupita. Nilimwambia kitambaa ni kizuri sana kwa vumbi. Sikutaka kumvunja moyo, na kusema kweli kilikuwa kimefumwa vizuri.

Sasa niwaambie ya Talatala.

Nilipigiwa simu mchana na kijana anaitwa Ambwene, anayefanya kazi bandarini Itungi. "Mama fundi," akasema, "nyumbani kompyuta imeandika Kiingereza chekundu, na baba amekataa kula." Nikamwambia awapigie nyumbani waambiwe wachomoe modemu wasiguse kingine. Akacheka kwa shida. "Nimwambie nani, mama? Baba ataona aibu kuigusa kwa sababu ni kazi za mke wangu, na mke wangu hawezi kuingia kwa sababu baba yuko sebuleni."

Hapo kwa msomaji asiye wa kwetu lazima nieleze. Sisi Wanyakyusa, kwa desturi, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawazungumzi, na mwanamke halitamki jina la mkwe wake. Ni heshima, si ugomvi. Mjini wengi wameiacha, na hata vijijini nyumba nyingi zimelegeza. Nyumba ya Mzee Asajile, baba yake Ambwene, haikulegeza kitu. Mkwewe, Lugano, ni mwalimu, na alikuwa ameishi pale tangu aolewe bila kusikia neno moja la mzee likielekezwa kwake.

Walikuwa na utaratibu wao. Sebule ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma unaoelekea jikoni. Mzee akitaka kuingia, anakohoa barazani. Lugano akisikia kikohozi, anainuka popote alipofika, anatokea mlango wa nyuma. Basi. Kompyuta iko sebuleni hapo hapo, wanaitumia wote wawili. Lugano anatungia mitihani. Mzee ana folda moja tu, yenye sauti za marehemu mkewe, Mama Ambwene, aliyekuwa akiongoza nyimbo za akina mama kanisani. Mama huyu alirekodiwa na mwanawe kwa simu, simu ikapotea, zikabaki zile zilizokwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta. Kila alasiri mzee alikaa kumsikiliza mkewe akiimba.

Nilifika kwa bodaboda, matope mpaka magotini.

"Mugonile, baba," nikamsalimu.

"Ndaga, mama. Karibu." Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni kwake mwenyewe. Kwenye kioo kulikuwa na tangazo jekundu likisema kwamba mafaili yote yamefungwa, na anayetaka kufunguliwa alipe. Nilichomoa modemu kwanza. Vijana wangu, hilo ni la kwanza kabla hata ya kuvua viatu. Kisha nikaomba chai.

Mzee alinishangaa, lakini akaruhusu. Chai ililetwa mpaka mlango wa nyuma, mkono ukaonekana, mwenye mkono asionekane. Nikaipokea, nikakaa, nikaanza maswali ya kimbea ya Mzee Hamdani.

"Kompyuta hii ina pasiwedi, baba?"

"Inayo, na ni kali," akasema, akinyoosha mgongo kidogo. "Nimeweka jina langu. Nani ndani ya nyumba hii atathubutu kulitaja?"

Nikamwuliza kama Lugano analiandika anapotaka kufungua. Akanitazama kana kwamba nimetukana. Kuliandika si sawa na kulitamka? Ndipo ikajulikana kwamba Ambwene ndiye aliyeifungua kila alfajiri kabla ya kwenda Itungi, akaiacha wazi mchana kutwa ili mkewe asipate kadhia. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na kufuli kali sana, na mlango uliofunguliwa kila siku kwa heshima ya kufuli.

"Mwizi wa mtandaoni hana mkwe Talatala, baba," nikamwambia. "Jina lako angelitaja bila haya. Ila hakuhitaji hata kujisumbua."

Nikamwuliza ameona nini siku hizi. Akasema kwanza kilitokea kidirisha kinachosema kompyuta inaumwa, bonyeza hapa itibiwe. Alikikuta asubuhi moja alipoingia baada ya kukohoa, akajua ni kazi ya mwalimu, akakiacha.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo, mshale ukaanza kutembea peke yake." Akashusha sauti. "Unafungua folda, unafunga, unafungua nyingine. Mimi hata sijashika kitu. Nikaelewa kwamba ni yeye, anafanya kazi zake kwa simu akiwa kule jikoni. Siku hizi wanaweza. Sasa mimi na mke wa mwanangu tukae kwenye kioo kimoja? Nikatoka."

"Ukatoka, baba?"

"Nilikohoa kwanza, ndipo nikatoka. Nikakaa barazani mpaka amalize. Alichelewa sana siku hiyo."

Niliuma mdomo. Katika miaka yangu yote sijapata kusikia mwizi aliyeheshimiwa namna hiyo. Aliachiwa sebule, akaachiwa kiti, na mwenye nyumba akamuaga kwa kikohozi.

Nikatoka na kikombe changu kwenda jikoni. Lugano alikuwa amekaa kwenye kigoda, ndizi hazijamenywa, macho mekundu. Naye akanieleza yake. Alikuwa anatafuta mitihani ya zamani mtandaoni, kile kidirisha kikatokea, na kabla hajakisoma mzee akakohoa. Akakimbia. Aliporudi akakikuta bado kipo.

"Nikajua mwenyewe amekiona na amekikubali," akasema. Jina hakulitaja, alisema "mwenyewe" na kuelekeza kidevu sebuleni. "Mimi nikifute kitu cha mwenyewe?"

"Na mshale kutembea, uliuona?"

"Niliuona kupitia uwazi wa pazia, kiti sikukiona. Nikasema leo mwenyewe ana kazi nyingi."

Kile kidirisha kiliishi katika nyumba ile kama mtoto wa kambo, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake, wote wakikipita kwa adabu. Mwishoni mmoja wao alikibonyeza, na hapo ndipo mwizi alipoingia. Nani? Kompyuta huweka saa ya kila kitu, na saa ile ilinitosha kujua. Lakini fundi ni kama muuguzi, na mengine nitaondoka nayo.

Nilirudi sebuleni nikakagua. Mitihani ya Lugano ilikuwa imefungwa, lakini mtihani hutungwa tena, na wanafunzi wake hawakulia. Nikafika kwenye folda ya Mama Ambwene. Kila faili lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi zisizosomeka. Nilijaribu njia ninazozijua, kisha nikajaribu zile ninazozisikia tu. Hakuna lililofunguka.

Mzee alikuwa nyuma ya bega langu. "Mama Ambwene yumo?" akauliza.

Hakuuliza sauti, hakuuliza nyimbo. Aliniuliza kama mkewe yumo. Nikamjibu, "Yumo, baba, lakini wamemfungia."

Akasema basi alipwe huyo mtu, yeye atauza kakao. Nikamkatalia kabisa. Nikamweleza kwamba aliyeiba akiwa hajulikani hana anayemlazimisha kutimiza ahadi, atachukua na kuomba tena. Mzee akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda dirishani akanipa mgongo. Nilihuzunika sana. Kompyuta nimezifufua nyingi, lakini hapo nilikuwa nimeshika bisibisi tu, na bisibisi haikuwa na mahali pa kuingia.

Nikarudi jikoni kumrudishia kikombe Lugano, nikamwambia ukweli: sauti za mama zimekwenda, labda kama ziliwahi kunakiliwa mahali. Akainuka, akafunga mlango wa jiko, akafungua tena nusu. Kisha akatoa simu mfukoni mwa gauni, ikiwa na waya za masikioni zilizojifunga fundo.

"Fundi," akasema, "nilifanya jambo baya. Ile folda ya mwenyewe niliifungua."

Alikuwa amezinakili zote. Mama mkwe alimpenda, akamfundisha kupika na kunyamaza, na baada ya kumzika Lugano alishindwa kukaa jikoni mle peke yake. Basi alikuwa akisonga ugali na mama akimwimbia masikioni. Lakini kuingia kwenye folda ya baba mkwe, kwake, kulikuwa sawa na kuingia chumbani kwake anakolala. Angemwambia nani? Tangu asubuhi alikuwa amekaa na dawa mfukoni, mgonjwa yuko chumba cha pili, na hakuna njia ya halali ya kuipitisha.

Ningeweza kuichukua simu nikampelekea mzee. Sikufanya hivyo. Nikamwambia, "Chomoa hizo waya. Ongeza sauti."

Akachomoa. Kwanza ikasikika sauti ya kuku, halafu Mama Ambwene anamwuliza mwanawe kama kile kidude kinarekodi kweli au kinamcheza shere. Halafu akaanza kuimba. Katikati ya ubeti, kwenye ile rekodi, mtu akakohoa kwa mbali. Mama akakatisha wimbo, akasema kwa Kinyakyusa, nami nawatafsiria: "Wewe mzee, ukitaka kitu sema. Utakohoa mpaka lini?" Akaendelea na ubeti pale pale alipouachia.

Wimbo ukaisha. Ndipo kule sebuleni mzee akakohoa, kikohozi kidogo, kisichofanana na kile cha barazani.

Lugano hakukimbia. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akairudia tangu mwanzo.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida, na hapa vijana mnaweza kuandika kama mnataka. Niliifuta kompyuta yote, nikaiwekea programu upya. Kila mmoja nikampa mlango wake wa kuingilia na neno lake la siri. Mzee alipendekeza jina la babu yake, nikamkatalia hilo nalo. Niliiweka ijifunge yenyewe ikiachwa, hata kama aliyeiacha amekimbia kikohozi. Sauti za mama zikawekwa kwenye diski inayokaa kabatini bila kuunganishwa na kitu, na nakala nyingine ikabaki pale pale kwenye simu ya jikoni, sasa kwa ruhusa. Mwisho nikasimama mlango wa nyuma, katikati yao, nikatoa sharti moja: ukiona kitu usichokielewa kwenye kioo, usikiache kwa heshima. Sema.

"Nitakohoa," akasema mzee.

"Kikohozi hakitoshi, baba."

Tukakubaliana kwamba kila mmoja atampigia Ambwene, naye Ambwene atampigia mwenzake. Ujumbe kutoka sebuleni kwenda jikoni ungepitia Itungi. Mzee Hamdani alikuwa ameshafariki, lakini najua angecheka mpaka chai imwagike.

Mpango huo ulidumu msimu wote wa mvua. Halafu siku moja mchana, ikiwa imebaki kidogo nistaafu, Lugano alinipigia. Hakunisalimu hata, nikajua tayari, yule mwizi amerudi. Akaniambia alikuwa mezani anatafuta mitihani. Kidirisha kikatokea, cha kijani safari hii, kinasema amepata zawadi, na mshale wake ulikuwa tayari juu ya neno "Kubali". Mzee alikuwa anapita barazani na kapu lake la kakao, akakiona kupitia dirishani.

"Akakohoa?" nikauliza.

"Alikohoa, fundi. Nami nikainuka kama kawaida, mkono bado uko kwenye mausi. Akaona kukohoa hakusaidii. Akaliachia kapu chini, akapiga kelele, 'Mwanangu, usibonyeze!'"

Nikaweka bisibisi chini. Halafu kazi ikanishinda nguvu, nikamwuliza swali la fundi: "Sasa ulibonyeza, hukubonyeza?"

"Ningebonyezaje, mama?" akasema Lugano. "Ameniita mwanangu. Nilikuwa nalia, hata mshale wenyewe siuoni."